NYUMBA YETU: Baba Amerudi Kutoka Hospitali



Juma hili nimeweka kando habari niliyokusudia kuwaandikia, kwa sababu ya barua moja iliyonifikia kutoka milimani kwetu Uluguru, upande wa Matombo. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Jina lake silitaji, wala si lazima kulitaja. Wako wengi walio kama yeye, na pengine wewe usomaye u mmoja wao.

Mama huyu aeleza hivi. Baba yake, mzee wa miaka 68, alikuwa akipalilia migomba asubuhi, akaanguka. Alipoinuliwa, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea kama kamba iliyolowa, mdomo umekwenda upande, na neno halitoki. Vijana wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakamshusha kwa mabega mpaka barabarani, wakapata gari, wakamfikisha hospitali. Akakaa huko siku 9. Siku ya 10 wakaambiwa kwamba mzee ameruhusiwa, wamchukue nyumbani. Wakapewa vidonge na karatasi. Jinsi ya kumgeuza, ya kumlisha, ya kumkalisha, hakuna aliyewaonyesha, na wao hawakujua kama yafaa kuuliza.

Sasa imetimia miezi miwili. “Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam,” aandika. “Hutuma fedha kidogo kwa simu wakikumbuka. Mama yetu alikwisha kufariki. Mimi ndiye ninayemwosha, ninayemlisha na kumbeba kwenda chooni, na usiku silali. Shamba langu limeota majani. Mume wangu ameanza kununa. Shangazi zangu wa ng’ambo ya mlima wasema huyu ni mtu wao, arudishwe kwao, lakini hawaji kumchukua. Na baba mwenyewe hasemi, ananitazama tu. Nimesikia kwamba mjini Morogoro iko nyumba ya wazee. Je, nikimpeleka huko nitakuwa nimevunja Amri ya Nne?”

Barua hii nimeisoma mara tatu, maana mwenye kuiandika hakutaka kusifiwa wala kuhurumiwa. Ametaka kujua. Basi na tumjibu vema.

Kwanza, mama, kuchoka si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alipokuwa akipanda Kalvari alianguka chini ya msalaba, na mtu wa Kirene akashikwa ausaidie kuubeba. Kama Mwana wa Mungu alisaidiwa mzigo wake, wewe ni nani hata uubebe wako peke yako na kuona haya kusema kwamba ni mzito?

Nyumba uliyoisikia nadhani ni makazi ya wazee ya Fungafunga, ambayo ni ya Serikali. Makazi ya namna hii yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema kwamba kumtunza mzee ni kazi ya jamaa na jirani zake kwanza, na makazi ni njia ya mwisho. Si aibu kuwako kwa nyumba hizo. Ni huruma, maana wako wazee ambao wasingekuwa na pa kulaza kichwa. Lakini baba yako ana watoto watatu, ana dada, ana ukoo na ana Jumuiya. Tena kazi ya makazi ni kumpa mzee makao na chakula. Haja ya baba yako sasa ni zaidi ya makao. Ahitaji kufundishwa upya kukaa, kusimama, kushika kijiko.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko nyumba za uuguzi ambamo mgonjwa kama huyu hupelekwa akitoka hospitali, akae majuma kadhaa akifanyishwa mazoezi mpaka aweze kurudi kwake. Kazi hiyo ya kumrudishia mtu uwezo wake wataalamu wetu huiita utengamao. Huko Marekani, bima ya Serikali kwa wazee, iitwayo Medicare, hulipia kukaa humo mpaka siku 100, na siku 20 za kwanza mgonjwa haongezi chochote. Twaweza kuwaonea wivu. Lakini tusidhani kwamba jamaa za mgonjwa huko wamelala usingizi. Mtoto hufika jioni kumtazama mama yake, aulize leo amegeuzwa mara ngapi, ametembea hatua ngapi, kwa nini chakula kimebaki. Na siku malipo ya bima yakikoma, mama hurudi nyumbani, na kazi ni ile ile uliyo nayo wewe.

Basi kwetu milimani nyumba ya uuguzi ni nyumba yako mwenyewe, ya udongo au ya matofali, na wauguzi wake ni ninyi. Shida yetu ni mbili tu: wauguzi hawakufundishwa, na mara nyingi ni muuguzi mmoja.

UGONJWA HUU NI NINI

Yafaa tujue kwanza kilichompata mzee. Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Mshipa huziba, au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Ubongo wa upande wa kushoto ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndipo palipo na uwezo wa kusema. Ndiyo sababu mzee aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hukosa na maneno. Akili zake hazikupotea. Yumo ndani, anasikia, anawajua ninyi nyote, lakini mlango wa maneno umefungwa.

Wako watakaokunong’oneza kwamba ugonjwa huu si wa hospitali, ametupiwa kitu. Usiwasikilize, na usidhani kwamba maneno hayo ni ya washamba. Uchunguzi mmoja uliochapwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa Dar es Salaam, na watu wa vijiji vya Hai, Kilimanjaro. Watu wa mjini ndio waliotaja zaidi majini na uchawi. Wale wa vijijini walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Wanavijiji ndio waliokaribia ukweli.

Tena ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kati ya miaka ya 1992 na 1995 watafiti waliandika vifo katika sehemu tatu za nchi: Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini. Waliona kwamba katika Morogoro Vijijini, katika kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 mpaka 64, kiharusi kiliwaua wanaume 35 na wanawake 27 kwa mwaka. Mwaka 1993 huko Uingereza na Wales hesabu ya watu wa umri huo huo ilikuwa kama wanaume 11 na wanawake 9. Watafiti wale walidhani kwamba sababu kubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Habari hiyo nitairudia mwishoni.

NYUMBA MBILI

Sasa nitawaeleza habari za nyumba mbili nilizopata kuzitembelea, zote za Wakristu wema, zote zenye mgonjwa wa kiharusi.

Katika nyumba ya kwanza mzee alipendwa sana. Alilazwa kitanda kizuri, akafunikwa vema. Akitaka maji, kikombe kilishikwa na mwingine mpaka mdomoni. Akijaribu kuinuka, wote walimkimbilia: “Baba, lala, usijisumbue.” Jirani walipofika walimkuta amelala, wakasema, “Maskini, tumwachie Mungu.” Baada ya miezi mitatu vidole vya mkono wake mgonjwa vilikuwa vimejikunja visifunguke, goti limekakamaa, na mwisho wa uti wa mgongo alikuwa na kidonda cha kuingiza ngumi. Kidonda hicho ndicho kilichomwua. Wanawe walilia kwa haki, maana walimpenda. Hakuna aliyewaambia kwamba kumfanyia kila kitu ni kumfunga kamba.

Katika nyumba ya pili alikuwamo bibi mmoja, na mjukuu wake wa kike wa miaka kama 15. Binti huyu alikuwa amefuatana na bibi hospitali, na siku moja alimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwuliza mengi, akayaandika katika daftari la shule. Waliporudi nyumbani, bibi hakupewa raha. “Bibi, menya ndizi hii.” “Bibi, chambua maharage.” “Bibi, shika hili kopo kwa mkono wako mgonjwa, nami nitakusaidia.” Bibi alikasirika, akalia, akamwita mjukuu mkatili. Babu akakata mianzi mirefu, akaisimika uani njia mbili, kimo cha kiuno, iwe ya kushikilia. Asubuhi hatua tatu, jioni hatua tatu. Miezi sita ilipopita nilimwona bibi akienda kwa mkongojo mpaka kwenye jiko, polepole, mguu ukiburura. Mkono haukurudi sawa mpaka leo. Lakini hujilisha mwenyewe, na hukaa mlangoni akiwafokea kuku.

Sisemi kwamba kila atakayefanya kama mjukuu yule atapata kama alivyopata. Viko viharusi vizito na viko vyepesi, na mengine ni ya Mungu. Lakini nataka tuone tofauti. Nyumba ya kwanza ilidhani mgonjwa amerudi kutoka hospitali ili alale. Nyumba ya pili ilijua amerudi ili aanze kazi.

Na kazi hiyo ina majira yake. Nguvu za mwili hurudi kwa wingi zaidi katika majuma na miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza. Baadaye bado huweza kurudi, ila pole pole. Mvua ikibomoa njia ya mlimani, watu hupita kando, na kwa kupita kila siku njia mpya hufanyika. Ubongo nao ndivyo ulivyo: penye sehemu iliyokufa, sehemu nyingine hujifunza kazi yake, mradi kazi ifanywe kila siku. Njia isiyopitwa huota majani. Wewe mama, miezi miwili imepita, lakini masika hayajakwisha. Anza leo.

MAMBO YA KUFANYA

Yakate haya na kuyabandika ukutani, au mpe mtoto asomaye akusomee.

Kumgeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku: mara ubavu huu, mara ubavu huu, mara chali. Kila siku tazameni mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino na mabega. Mkiona mahali ngozi imebadilika rangi, au ina joto, au imekuwa ngumu, msimlalie tena upande ule, wala msipasugue. Shuka iwe kavu. Kidonda kikitokea, nendeni zahanati kingali kidogo.

Kumwinua. Msimvute kwa mkono mgonjwa kamwe, wala kwa kwapa lake. Bega lililopooza halina nguvu ya kujishika. Huteguka, na maumivu yake hudumu. Mshikeni kiunoni, kitambaa kigumu au mkanda uliofungwa kiunoni husaidia. Mkitaka kumhamishia kwenye kiti, kiti kiwe upande wake mzima. Akitembea, wewe usimame upande wake mgonjwa. Akikaa, mkono mgonjwa upumzike juu ya mto, usining’inie.

Kumlisha. Asile akiwa amelala. Aketi wima, awe macho kabisa, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Kijiko kidogo kidogo, ameze ndipo apewe kingine. Tazameni shavu la upande mgonjwa, chakula hujificha humo. Wengine maji huwapalia, lakini uji mzito huweza kupita. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama yenye maji, msimlazimishe. Mwambieni mganga wa zahanati, maana chakula kikishuka kwenye mapafu huleta homa kali.

Kumvika. Anza na mkono mgonjwa kuingia katika nguo. Wakati wa kuvua, anza na mkono mzima. Ukisahau mara moja utakumbuka mara ya pili, kwa vile utakavyotoka jasho.

Mazoezi. Kila siku, mara kadhaa, nyosheni taratibu vidole, kifundo, kiwiko, bega, goti na unyayo wa upande mgonjwa, bila kumwumiza. Kilicho bora kuliko hayo ni yeye mwenyewe kufanya kazi ndogo ya nyumbani: kuchambua mchicha, kumenya ndizi, kukunja kanga, mkono mzima ukimsaidia mgonjwa. Awezalo kulifanya mwenyewe, hata kwa kuchelewa, usimfanyie. Kumngoja mzee afunge kifungo kimoja kwa muda wa kukaanga mboga ni kazi ngumu ya upendo. Kumfungia ni rahisi.

Kutembea milimani. Mkongojo hushikwa kwa mkono mzima, wala si kwa mkono mgonjwa kama wengi wadhanivyo. Na kwa kuwa sisi hatuna uwanda, shikeni sana neno hili: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia, wakati wa kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Chimbeni ngazi pana kutoka mlangoni mpaka chooni, na wekeni mwanzi wa kushikilia. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, na ndoo chini yake, kitakuokoa usimbebe usiku. Fundi wa kijiji aweza kukitengeneza kwa siku moja.

Kusema. Msiseme juu yake kama hayupo. Mwulizeni maneno ya kujibiwa ndiyo au siyo, na mpeni nafasi, hata kama ni kwa kutikisa kichwa. Tena jaribuni jambo hili: usiku mkisali Rozari, mketisheni kati yenu. Mara nyingi mtu asiyeweza kusema neno “maji” huweza kufuatana na wenzake katika sala aliyoisema tangu utoto, au katika wimbo, au kuhesabu moja mpaka kumi. Maneno yaliyozoeleka hivyo hutoka kwa mlango mwingine. Nimesikia bibi yule wa nyumba ya pili, aliyekuwa bubu majuma matano, akiitikia Salamu Maria neno kwa neno, na nyumba nzima wakashindwa kuendelea kwa machozi. Isiwe sababu ya kumwambia, “Kumbe waweza kusema!” Haoni mlango huo mwenyewe. Iwe faraja tu, na mwanzo.

Na macho yale yanayokutazama kimya, mama, pengine ni huzuni kubwa. Huzuni baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa, na ina dawa. Siku ya kurudi kliniki mwambie daktari. Siku hiyo hiyo omba kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wataalamu hawa, wengine wamesomea KCMC huko Moshi, si wengi, wala hawawezi kupanda kwako kila juma. Lakini mmoja wao akikuonyesha kwa saa moja, nawe ukatazama kwa macho mawili, umechukua nyumbani jambo kubwa. Wala asitoke mtu hospitali na mgonjwa wake kabla ya kuuliza: “Tuonyesheni kwa vitendo: tumgeuzeje, tumlisheje, tumsimamisheje?” Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki ya atakayefanya kazi.

MZIGO NI WA NANI

Sasa nafika kwenye jambo gumu, na hapa sisemi na mama aliyeandika, nasema na wengine wote.

Mazoezi yote niliyoyaeleza hayawezi kufanywa na mtu mmoja ambaye pia analima, anapika, analea watoto wanne, na hajalala. Mwanamke aliyechoka hatamngoja mzee afunge kifungo, atamfungia. Hatamsimamisha mara nne kwa siku, atamlaza. Kwa hiyo ninyi mnaomwachia kazi peke yake hammchoshi yeye tu, mnamnyima mzee miguu yake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama begani pake waona ni mwepesi. Hivyo ndivyo watazamavyo kaka walioko Dar es Salaam, na hivyo ndivyo watazamavyo shangazi walioko ng’ambo ya mlima. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume aliyeoa mara nyingi amekaa katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Akiugua, kila upande huwa na neno: hawa wasema ni baba yao, hawa wasema ni ndugu yao. Ni desturi yenye heshima, maana mzee hukosa wenyewe kwa shida sana. Lakini desturi hiyo ina mikono pia, si mdomo tu. Anayesema “huyu ni mtu wetu” na aje na kanga yake, akae juma moja, ageuze mgonjwa usiku.

Basi mama, usingoje wakumbuke. Mwombe mjomba wako aitishe kikao cha ukoo, na shangazi waitwe, na kaka zako waje au wawe kwenye simu. Usiende kulia kikaoni. Nenda na hesabu: saa za kumgeuza, bei ya dawa za mwezi, sabuni, nauli ya kliniki, siku za shamba ulizopoteza. Kisha gaweni. Kaka mmoja achukue dawa na sabuni, kwa tarehe moja ya mwezi, si akikumbuka. Mwingine achukue nauli, na likizo yake aje alale chumbani kwa baba. Shangazi mmoja mmoja wapokezane majuma. Mumeo atengeneze mianzi ya uani na ngazi. Nunu za wanaume wengi hupungua wakipewa kazi yenye kipimo. Mwanao mkubwa amsomee babu gazeti hili na kuchambua naye maharage. Na siku moja katika juma iwe yako: nenda shambani, nenda Misa, au lala. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zisikie. Kila mwaka tarehe 11 Februari, tangu mwaka 1993, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa, nasi huwaleta kanisani, tukawaimbia, tukawapa sabuni na sukari. Ni vema. Lakini mgonjwa haugui siku moja. Wanawake wa WAWATA wakigawana jioni mbili za juma katika nyumba yenye mgonjwa, mmoja amlishe mzee huku mwenye nyumba akioga kwa raha, hiyo ni sala ambayo Mungu ameiona.

Na msiogope kumwita padre. Wengi bado wadhani kwamba Mpako wa Wagonjwa ni kutangaza kifo, hata humficha mgonjwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza wazi kwamba sakramenti hii si ya wale tu wanaokata roho. Ni ya mgonjwa aliye hatarini, ni nguvu ya kuishi na kuvumilia, na aweza kuinuka kesho akaenda kwenye mianzi yake.

Nitasema na lile ambalo si tamu. Wako watakaofanya haya yote, na mzee asisimame. Atakaa kitini mwaka, au miaka, kisha atakwenda kwa Muumba wake. Je, kazi imepotea? La. Mzee asiye na kidonda, aliyeketi kwenye jua la asubuhi, aliyelishwa bila kupaliwa, aliyeitwa kwa jina lake na kuulizwa “ndiyo au siyo,” huyo ameishi kama mtu mpaka mwisho. Yoshua bin Sira afundisha kwamba mtoto amsaidie baba yake katika uzee wake, amvumilie hata akili zake zikipungua. Hakusema, mpaka apone.

Hili ndilo jibu langu, mama, juu ya Amri ya Nne. Hujaivunja. Umeishika kwa mikono miwili, usiku na mchana. Walio katika hatari ya kuivunja ni wale wanaokutazama ukiishika peke yako.

Nakumbuka niliahidi kurudia habari ya shinikizo la damu. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Mtu hulima, hucheka, huinuka na mzigo, kumbe mishipa inalemewa. Hujulikana kwa kupimwa tu, na kupima ni dakika chache katika zahanati. Wewe uliyepita miaka 40, siku ya kumpeleka mtoto au mzee, nyosha na mkono wako upimwe. Ukipewa dawa, uzimeze kila siku, wala usiache kwa sababu wajisikia vizuri. Wajisikia vizuri kwa sababu wameza. Punguza chumvi mezani, acha tumbaku, na pombe uipunguze. Na kama ghafula mtu nyumbani mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja haunyanyuki, au maneno yamevurugika, msingoje asubuhi wala msitafute ramli. Ni hospitali, saa ile ile.

Baba wa mama yule wa Matombo, akiweza kusikia gazeti hili likisomwa, namsalimu. Mzee, shikilia mwanzi. Leo hatua tatu zatosha.

Ndugu yenu wa “Nyumba Yetu”